Mwongozo Kamili wa Kuvunja Fumbo la Herufi Lililoandikwa kwa Kiswahili

Wengi wanaojaribu kuvunja maandishi ya siri ya Kiswahili hukwama mahali pale pale. Hutafuta kwenye intaneti jedwali la herufi zinazotumika sana, hukuta E imetangulia ikifuatiwa na T, A na O, kisha hulipachika jedwali hilo juu ya sentensi iliyotungwa na mtu wa Moshi ambaye hakuwaza neno hata moja la Kiingereza alipokuwa akiiandika. Baada ya saa mbili karatasi imechakaa kwa kufutwafutwa, na fumbo liko vile vile.

Mwongozo huu unahusu fumbo la kubadilisha herufi, yaani lile ambalo kila herufi ya alfabeti imepewa herufi nyingine ya kuisimamia, na mpango huo haugeuki tangu mwanzo wa ujumbe hadi mwisho. Tutavunja fumbo moja zima, hatua kwa hatua, bila kuruka. Limetungwa kwa ajili ya mwongozo huu, na ujumbe wake unahusu jambo ambalo mkazi yeyote wa Moshi analifahamu:

FMBMUM XM FCBMHAM BSLMJEUM WBCJC XM HCIKHAM FUM QMAMAS FCTSGC WBMFN BSYSCM DSM FMGC JM HMDMJC XMFN BSUM HAKGNM FUM BCXK HFSGCHM UM HGCHMJC BMLMRC FMBMUM RS AMGC BSLMRM JM JECYC YM FSLCFM JXSHAMJC

Ukitaka kujipima, usisome mbele ya hatua uliyofikia.

Vifaa vinavyohitajika

Tafuta daftari la hesabu lenye visanduku, penseli mbili zilizochongwa vizuri, kifutio, rula, na kalamu moja ya rangi. Vyote vinapatikana katika duka lolote la vifaa vya shule, iwe karibu na stendi ya Moshi au mtaa wa ndani wa Arusha. Kalamu ya rangi ni ya herufi ambazo umezithibitisha. Penseli ni ya zile unazozishuku. Anayeandika kila kitu kwa wino mmoja hupoteza tofauti kati ya anachokijua na anachokibahatisha, na hapo ndipo kazi huharibika bila yeye kutambua.

Kamusi ya Kiswahili inasaidia lakini si lazima. Simu yenye programu za kuvunja mafumbo iweke kando kwa sasa; sababu itaelezwa baadaye.

Hatua ya 1: Nakili fumbo kwa nafasi

Andika kila herufi katika kisanduku chake, acha kisanduku kimoja kitupu kati ya neno na neno, na acha mistari miwili mitupu chini ya kila mstari wa fumbo. Mstari wa kwanza mtupu utabeba herufi za kukisia, na wa pili utabeba zilizothibitishwa.

Ukimaliza, hesabu. Fumbo letu lina maneno 34 na herufi 162. Hesabu yako ikitofautiana na hiyo, rudi ukalinganishe neno kwa neno kabla ya kuendelea, kwa maana herufi moja iliyorukwa huweza kugeuza neno la herufi tatu kuwa la herufi mbili na kukupoteza kabisa katika hatua ya tano. Ikiwa unanakili kutoka kwenye picha ya mwandiko wa mkono, angalia sana O na Q, U na V, na I iliyoandikwa kama kijiti kitupu.

Hatua ya 2: Hesabu kila herufi

Pita kwenye fumbo ukiweka alama ya kijiti kwa kila herufi. Usihesabu herufi zote kwa mpito mmoja. Chukua herufi moja, ipitie hadi mwisho, kisha chukua nyingine. Kazi inachosha, lakini mpito mmoja wa haraka hutoa makosa ambayo hutayaona.

Matokeo sahihi ni haya: M mara 39, C mara 19, S na F mara 12 kila moja, B mara 11, H mara 10, J mara 9, U na A mara 7, G mara 6, X mara 5, L mara 4, kisha Y, R, N na K mara 3, D, E na W mara 2, na I, Q na T mara moja moja. O, P, V na Z hazimo. Jumla ni 162. Jumla yako isipofika hapo, kuna herufi umeiruka.

Hatua ya 3: Hakikisha unashughulika na fumbo la aina gani

Kabla ya kutafuta maana, jiulize maswali matatu.

La kwanza: je, kuna herufi iliyozizidi nyingine kwa mbali? Hapa M ni karibu robo ya maandishi yote. Hiyo ni dalili njema sana. Kama hesabu za herufi zote zingekuwa karibu sawa, tungekuwa mbele ya fumbo linalobadilisha ufunguo wake kila herufi, na njia ya mwongozo huu isingefaa. Achana nalo mapema.

La pili: je, herufi zenyewe zimebadilishwa, au zimepanguliwa mahali tu? Kama A ndiyo ingeongoza, I ikaifuata, na mwonekano wote ukawa wa Kiswahili cha kawaida kilichokorogwa, basi herufi zimehamishwa tu. Hapa A iko mara 7, kwa hiyo hapana.

La tatu: je, alfabeti imesogezwa tu kwa hatua kadhaa? Aina hii ndiyo rahisi kuliko zote na huchukua dakika moja kuijaribu. Chukulia kwamba M, inayoongoza, inasimamia A. Kutoka A hadi M ni hatua 12. Rudisha C, inayofuata kwa wingi, nyuma kwa hatua 12 uone inaangukia wapi. Inaangukia Q. Kiswahili hakina Q, sembuse Q iliyo ya pili kwa wingi. Basi si fumbo la kusogeza, na tunaendelea.

Hatua ya 4: Tafuta irabu mwishoni mwa maneno

Hii ndiyo hatua ambayo wanaoshindwa huiruka, na ndiyo inayolifanya fumbo la Kiswahili kuwa rahisi kuliko la Kiingereza, ingawa watu hudhani kinyume chake. Maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache sana, huishia kwa irabu. Mtunzi wa fumbo anaweza kuzibadilisha herufi zote apendavyo, lakini akiacha nafasi kati ya maneno, irabu zake zimesimama mlangoni zikionekana.

Piga mstari chini ya herufi ya mwisho ya kila neno, kisha zihesabu. Utapata M mara 20, C mara 9, S mara 2, N mara 2, na K mara moja. Maneno 34, herufi za mwisho tano tu. Irabu za Kiswahili ni tano. Bila kujua maana ya neno hata moja, tayari una kundi zima la irabu mkononi: M, C, S, N na K.

Sasa zigawanye. M ni A. Katika maandishi ya Kiswahili yenye urefu wa kutosha hakuna herufi inayoshindana na A. Iandike kwa kalamu ya rangi. C inayofuata kwa mbali huenda ikawa I, na S huenda ikawa U. Hizo ziandike kwa penseli. N na K, zenye mara tatu kila moja, zitakuwa E na O kwa mpangilio ambao bado hatuujui.

Uthibitisho wa C unapatikana haraka. Tazama maneno HMDMJC, HGCHMJC na JXSHAMJC. Yote matatu yanaishia kwa MJC, yaani A, konsonanti moja, na C. Mwisho wa namna hiyo unaojirudia katika Kiswahili ni -ANI, kama katika shambani, mezani au nyani. Kama C ingekuwa U tungehitaji maneno matatu tofauti yenye mwisho wa aina ya -ANU katika ujumbe mfupi kiasi hiki, jambo ambalo ni gumu kuliamini. C ni I, na papo hapo tumepata J kuwa N.

Onyo: majina ya watu na ya nchi za mbali huweza kuishia kwa konsonanti, na vilevile salamu kama alaikum na maandishi ya wanaopendelea maalum badala ya maalumu. Ukikuta herufi sita au saba mwishoni mwa maneno badala ya tano, usitupe karatasi. Ile inayotokea mwishoni mara moja tu na kuonekana zaidi katikati ya maneno ndiyo mgeni. Kinyume chake pia hutokea. Ujumbe mfupi huweza kukosa neno linaloishia kwa E au O, ukabaki na herufi nne.

Kuna kipimo kingine kinachosaidia mahali pengine, ingawa fumbo hili halina nafasi ya kukitumia. Herufi mbili zinazofanana zikifuatana, kwa kawaida ni irabu, kama katika kaa, mzee, au choo. Isipokuwa ni MM na NN, kama katika mmoja, mmea, nne na wanne.

Dalili ya kufaulu katika hatua hii: ukijaza irabu zote, kila neno liwe na irabu ndani yake, na pasiwe na msururu mrefu wa visanduku vitupu.

Hatua ya 5: Shambulia maneno mafupi

Orodhesha maneno yenye herufi mbili na tatu: XM mara mbili, JM mara mbili, UM, YM, RS, FUM mara mbili, na DSM. (Hilo la mwisho halihusiani na Dar es Salaam, ingawa wapo watakaoapa kwamba linahusiana.)

JM tumekwisha kulipata bila kulitafuta: J ni N na M ni A, kwa hiyo ni NA. Zingatia kilichotokea. Tuliipata J kutoka mwisho wa -ANI, na sasa neno dogo linalojitegemea limeikubali bila kusukumwa. Njia mbili tofauti zikifika mahali pamoja, herufi hiyo inastahili kalamu ya rangi. Njia moja tu, hata ikivutia namna gani, ni ya penseli.

FUM ni konsonanti mbili na A. Maneno ya kawaida ya umbo hilo ni KWA na CHA. Lijaribu CHA kwanza: F ingekuwa C, na U ingekuwa H. Lakini C ya Kiswahili haisimami bila H nyuma yake, ilhali F hapa inafuatwa na M katika FMBMUM na S katika FSLCFM. CHA limekufa. Basi FUM ni KWA, F ni K na U ni W. Neno UM lililo peke yake linageuka kuwa WA, na linakubali.

RS ni konsonanti na U, tukishika kwamba S ni U. Neno la Kiswahili la umbo hilo ni TU, kwa hiyo R ni T, kwa penseli.

XM na YM ni jamaa wa ngeli: YA, ZA au LA. Zote tatu zinawezekana, na mwanafunzi mwenye haraka huchagua moja kwa hisia. Usichague. Subiri hatua inayofuata itoe ushahidi.

XMFN na WBMFN zinaishia kwa MFN, yaani A, K, na irabu yenye shaka: -AKE au -AKO. Maandishi ya kueleza jambo hupendelea -AKE, kwa hiyo N inaelekea kuwa E, na K ya fumbo kuwa O. Bado ni penseli.

Hatua ya 6: Soma viambishi na konsonanti zinazoandamana

Kiswahili hakiruhusu konsonanti zipangane ovyo, na uchache wa mipangilio yake ni mali kwa mvunja fumbo. M na N hutangulia wenzake: MB, ND, NG, NJ, NZ, MV. H hufuata: CH, SH, DH, TH, GH. W na Y huja mwisho: KW, NY, NDW. Kiambishi cha M- mwanzoni mwa neno huweza kutangulia karibu konsonanti yoyote, kama katika mtu, mkate na mlango.

Tafuta jozi inayojirudia. HA inaonekana katika FCBMHAM, HCIKHAM, HAKGNM na JXSHAMJC. Mara nne, moja ikiwa mwanzoni mwa neno. Jozi ya namna hiyo ni MB. Tena H hii inaanza maneno HFSGCHM na HGCHMJC ikifuatwa na konsonanti nyingine, tabia ambayo M pekee huifanya kwa uhuru kiasi hicho. H ni M, A ni B, kwa kalamu ya rangi.

Sasa tazama W ya fumbo. Inaonekana mara mbili tu, na mara zote mbili B imeifuata: WBCJC na WBMFN. Herufi isiyotembea bila mwenzake ni C ya CH. Basi W ni C na B ni H, na tunapata CHINI na CHAKE. CHAKE linaikubali N kuwa E, ingawa CHAKO nalo bado linawezekana.

Tukihitaji shahidi mwingine wa B, upo. Maneno BSLMJEUM, BSYSCM, BSUM na BSLMRM yanaanza kwa BS, konsonanti na U. Kiambishi cha kwanza kinachomjia mtu ni KU-, lakini K imeshachukuliwa na F. Kinachobaki ni HU- ya mazoea, kama katika huenda na husema. Ujumbe unaoeleza jinsi jambo lifanyikavyo siku zote lazima uwe na HU- kadhaa, na hapa zipo nne. S kuwa U sasa imethibitika pia.

JXSHAMJC linasomeka N, X, U, M, B, A, N, I. Hakuna haja ya kamusi: NYUMBANI. X ni Y. XM ni YA, XMFN ni YAKE, na BCXK ni HIYO, ambalo linathibitisha K ya fumbo kuwa O, na hivyo N kuwa E. Ile subira ya hatua ya tano imelipa, maana aliyekuwa ameandika ZA au LA angekuwa anafuta sasa hivi.

Hatua ya 7: Jaza mapengo bila kujidanganya

Tuna herufi 14 kati ya 22, nazo zinafunika visanduku 142 kati ya 162. Andika ujumbe upya, ukiweka nukta pale pasipojulikana:

kahawa ya kihamba hu.an.wa chini ya mi.omba kwa .ababu ki.u.i chake hu.uia .ua ka.i na ma.ani yake huwa mbo.ea kwa hiyo mku.ima wa m.imani ha.ati kahawa tu ba.i hu.ata na n.i.i .a ku.ika nyumbani

Msomaji wa nje ya mkoa huenda akakwama kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Mchaga ambalo kahawa, migomba na majani ya mifugo huchanganywa pamoja. Mtunzi wa fumbo hawajibiki kutumia maneno ya kamusi tu, na neno la mahali alipo ni mtego halali.

Anza na herufi iliyojificha katika maneno mengi zaidi. G imo katika ka.i, mbo.ea, mku.ima, m.imani, ba.i na pengo la pili la ki.u.i. Sita zote zinaitika kwa L. Kisha L ya fumbo: ku.ika peke yake inakubali kupika, kufika na kuzika, kwa hiyo usiamulie hapo. Nenda kwa ha.ati, ambako hapati ndilo neno la kawaida, kisha hu.ata likawa hupata, na kupika likajitokeza lenyewe. Q ni S ya sababu, T ni V ya kivuli, na D ni J ya jua na majani.

Sasa tunafika mahali ambapo hata mwangalifu huteleza. Ukiwa na P, neno la nne linakuwa hupan.wa. Je, ni hupandwa au hupangwa? Yote mawili ni Kiswahili safi, na yote mawili yanafaa katika sentensi. Herufi hiyo hiyo imo katika n.i.i, ambalo kwa D linaweza kuwa ndizi na kwa G linaweza kuwa ngisi. Kahawa inayopangwa na ngisi wanaopikwa nyumbani si ujumbe wa mlima Kilimanjaro, lakini tusitegemee mantiki ya vyakula peke yake. Pengo la pili la n.i.i ni Y ya fumbo, ambayo imo pia katika hu.uia na .a. Ngisi ingedai Y iwe S, lakini S imeshatumika katika sababu, na husuia si neno. Ndizi inadai Y iwe Z, na hapo tunapata huzuia na za. Tena mi.omba inaingoja G yake kwa ajili ya migomba, na G haiwezi kusimamiwa na herufi mbili. Basi E ni D na I ni G.

Kahawa ya kihamba hupandwa chini ya migomba kwa sababu kivuli chake huzuia jua kali na majani yake huwa mbolea. Kwa hiyo mkulima wa mlimani hapati kahawa tu, bali hupata na ndizi za kupika nyumbani.

Kanuni ya kushika hapa ni kwamba herufi ya fumbo haijathibitika mpaka imepita katika maneno yote ilimo, na herufi moja ya wazi haipewi wasimamizi wawili. Kila unapoweka herufi mpya, pita fumbo zima uiweke kila mahali papo hapo.

Hatua ya 8: Fufua ufunguo

Wengi huacha kazi wakishasoma ujumbe. Wanakosa sehemu tamu zaidi. Andika alfabeti ya kawaida, na chini yake herufi za fumbo ulizozipata:

A B C D E F G H I J K L M N O P Q R S T U V W X Y Z
M A W E N . I B C D F G H J K L . . Q R S T U . X Y

Kuanzia nafasi ya H, safu ya chini inafuata mpangilio wa alfabeti, ikiruka herufi zilizokwisha kutumika mwanzoni. Hiyo ndiyo alama ya ufunguo wa neno: mtunzi huandika neno lake kwanza, akiandika mara moja tu herufi inayojirudia, kisha humalizia alfabeti iliyobaki kwa mpangilio wake. Mapengo yanajazika yenyewe. Kati ya L na Q zinakosekana O na P. Kati ya U na X inakosekana V. Herufi iliyobaki ni Z, nayo inaingia chini ya F. Soma mwanzo wa safu: MAWENZI, kilele cha pili cha Kilimanjaro.

Ufunguo ukisomeka kama neno, umefaulu pasipo shaka. Tena sasa unaweza kusoma ujumbe mwingine wowote wa mtunzi huyo, hata wenye F na R ambazo hazikuwemo katika huu. Na ukipata safu iliyonyooka isipokuwa herufi mbili zilizobadilishana mahali, karibu hakika kosa ni lako.

Fumbo likiwa halina nafasi kati ya maneno

Baadhi ya watunzi huunganisha herufi zote na kuzikata katika mafungu ya tano tano. Hatua ya nne inakufa hapo. Badala yake, chukua herufi inayoongoza kuwa A, kisha tafuta herufi nyingine nne ambazo, zikiunganishwa na hiyo, hazikuachii mahali penye konsonanti zaidi ya tatu mfululizo. Maneno kama mchwa yapo lakini ni machache. Herufi inayopenda kukaa kati ya irabu mbili ni konsonanti. Kazi ni ndefu, na ujumbe wenye herufi chini ya 150 huenda ukakushinda kihalali.

Kuhusu kompyuta na simu

Programu nyingi za kuvunja mafumbo zimefundishwa kupima kama matokeo yanafanana na Kiingereza. Ukizipa Kiswahili, hutafuta THE na AND mahali ambapo hakuna, na hukurudishia takataka kwa kujiamini. Zitumie kuhesabu herufi, si kuamua maana.

Ukifanya kazi katika programu ya kuandikia na kutumia amri ya kubadilisha, kuna shimo ambalo karibu kila mtu hutumbukia. Ukibadilisha M zote kuwa A, kisha baadaye A zote kuwa B, zile A zako mpya nazo zitageuka B, na hutaweza kuzitenganisha tena. Dawa ni kuweka fumbo kwa herufi kubwa na majibu kwa herufi ndogo, na kuiagiza programu itofautishe herufi kubwa na ndogo kila unapobadilisha.

Jambo moja huulizwa kila mara: je, njia hii inaweza kufungua ujumbe wa WhatsApp wa mtu? Haiwezi. Usimbaji wa WhatsApp hauachi hesabu ya herufi nyuma yake. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya mwenzako bila idhini, hata kama ni kwa udadisi tu. Udukuzi wa mafumbo ni wa mafumbo yaliyotolewa ili yavunjwe.

Zoezi

IVST CFCJYRPBT IROS ITDC YT ICQK BSDTT BTOTFT HTFCJC WTFSHCIT WT IEKAT BSUSOTBC FWT FSWT ICURORDC YTK BSLTQT ITDC ECHT FSPSECOC ZTIS

Maneno ni 22 na herufi ni 111. T ikikosa kufika mara 23, hesabu upya. Herufi za mwisho wa maneno ni nne tu safari hii, kwa hiyo irabu moja itabidi uitafute katikati ya maneno, na jozi ya TT iliyo katika BSDTT inafaa kukaguliwa mapema. Usishtuke ukikuta baadhi ya herufi zinajisimamia zenyewe. Ufunguo usio na herufi za mwisho wa alfabeti huziacha mahali pake. Ufunguo wenyewe ni jina la mahali utakapopita ukitoka Arusha kwenda Moshi kwa barabara, na herufi yake moja imeandikwa mara moja badala ya mbili. Herufi mbili za ufunguo huo hazimo kabisa katika ujumbe, hivyo mpangilio wake utauamua kwa kuifahamu njia.